Fizikia na Watani wa Makuyuni

Kwaluguru,
Handeni.
17 Agosti 2025.

Mpendwa Dada Zamda,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Songea, na lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi hatujambo. Mahindi tumevuna, si haba. Mama anakula vizuri, ila kila Ijumaa ananiuliza kwa nini Songea ni mbali hivyo.

Nakuandikia kwa sababu niliyoyaona hayatoshi kwenye simu, na wewe ndiye uliyeniambukiza ugonjwa wa kuuliza-uliza.

Mwanangu Mwanaisha yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Anataka kusomea ufundi umeme, hasikii lingine, na shuleni kwao mwalimu wa Fizikia alihamishwa tangu Februari. Basi wakaja watafiti wa chuo kikuu, mkuu wao Dokta Grasiana, mwenyeji wa Bukoba. Waligawa vishikwambi kwetu na kwa shule moja ya Makuyuni, kule Korogwe, ambako mwalimu yupo. Wanafunzi wakapangwa wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wasome kwa kuandikiana, na watafiti wachunguze wanavyosaidiana. Mwanaisha alipewa Upendo, binti wa Kisambaa. Alama zake zilipanda hadi nikadhani ananakili.

Mwezi wa saba tukasikia wametenganishwa. Kompyuta ya watafiti inahesabu maneno makali, na hao wawili walikuwa wameongoza kwa matusi. Upendo kamwita mwanangu mtumwa wa babu yake. Mwanangu kajibu kwamba Wasambaa wameshuka mlimani juzi, wakiona tambarare wanapata kizunguzungu. Kila mmoja akapewa mwenzi mpya wa mkoa mwingine, ambako watafiti wana shule nyingine, nasi wazazi tukaitwa Korogwe tupatanishwe.

Nilitangulia kufika. Baba yake Upendo, Mzee Habakuki, aliingia akaanza hata kabla ya salamu: "Nani kamruhusu Mzigua kukaa kwenye kiti?" Nikamwambia kiti ni cha babu yake, tulikiteka pamoja na yeye mwenyewe. Dokta akaruka katikati kutuamua, nasi tunacheka mpaka machozi. Maskini, alidhani utani wa Wazigua na Wasambaa umebaki kwa wazee misibani. Hakujua watoto wamehamia nao kwenye kishikwambi.

Hapo nikauliza swali lililokuwa likiniwasha: hao wenzi wapya wanaandikiana nini? Akatufungulia. Dada, wiki tatu nzima ni "Habari", "Nzuri", "Umeelewa?", "Nimeelewa, asante." Hakuna tusi hata moja. Hakuna swali hata moja pia. Dokta akarudi kwenye maandishi ya zamani, akayasoma polepole. Kila mahali Mwanaisha alipoitwa mjinga, mstari uliofuata alikuwa anauliza.

Nyumbani nikambana mtoto: kwa nini uliandika umeelewa na hujaelewa?

"Baba, yule ananiheshimu, naona haya," akasema. "Upendo ameshaniita mjinga. Sasa nifiche nini?"

Jibu hilo natembea nalo mpaka shambani. Nina miaka hamsini na mbili, na sijui ni mara ngapi nimeitikia "nimeelewa" mbele ya watu wenye adabu zao. Niliona uchungu, nikaona na aibu kidogo.

Jumatano Dokta aliwarudisha pamoja. Anasema hajui bado kompyuta yake aiambie ihesabu nini. Upendo ndiye aliyetangulia kuandika: "We mtumwa, bado uko hai?" Mwanaisha alicheka huku analia, akatoa karatasi mfukoni mwa sketi. Ilikuwa na maswali kumi na moja, aliyoyaficha wiki zote tatu.

Mama anakuombea, na jirani Kibwana anakukumbuka. Wasalimie watoto, na Rehani umbusu mashavu yote mawili. Mungu akulinde, akujalie miguu ya kukuleta nyumbani.

Na shemeji Twaha, huyo Msambaa wako, mwambie simsalimu. Ila ile pampu ya kumwagilia aliyonieleza mwaka juzi nikaitikia kwa heshima, mwambie sikuelewa hata neno moja. Anieleze upya, na aanze kwa kunitukana.

Mdogo wako akupendaye,
Muhidini