Nafasi ya Kwanza ya Louisville

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Simu kutoka kamati ya ligi. Sisi wa Louisville tumepewa nafasi ya kwanza. Nikafurahi, nikamwambia Kamikazi. Akaniangalia kwa huruma. Mama, tumepewa kwa sababu tumeshika mkia. Michezo minane, tumefungwa yote minane.

Kumbe ni zawadi ya kushindwa.

Niandike nilivyoelewa, maana kesho nitachanganya tena. Timu ni tatu: sisi, Columbus, Buffalo. Zote za akina dada wa makanisa yetu, Warundi na Wakongo. Mpira wa kikapu. Michezo yote inachezwa Columbus kwa kuwa iko katikati. Mwaka jana kila mji ulicheza na wasichana wake, na Columbus wana watu wengi, wakatupiga wote. Sasa kamati imesema majina mapya yote yanawekwa pamoja, na timu ya mwisho inachagua kwanza. Wenyewe wanaita drafti. Unayemchagua ni wako miaka miwili, na kama anatoka mji mwingine mnampokea: chumba, kazi, kanisa. Uchaguzi ni tarehe 25.

Mimi ni meneja. Nilifanywa meneja kwa sababu ninaendesha gari la kanisa.

Jina la juu kwenye orodha kila mtu analijua — Umutoni, wa Buffalo. Miaka ishirini na mbili, mrefu, alicheza chuoni. Kamikazi anasema tukimpata huyo hatutaonewa tena. Kamikazi ni kapteni wa timu na ni binti yangu, kwa hiyo habari hizi nazisikia hata nikiwa nachambua maharage.

Jumanne, 7 Oktoba

Naandika ndani ya gari, mapumziko ya kazini, ghala la mizigo la Jeffersontown. Mikono inanuka maboksi.

Amepiga Donati, meneja wa Columbus. Mtu wa maneno laini. Ameniita dada mara sita, nimehesabu. Anataka tubadilishane: tumpe nafasi ya kwanza, atupe nafasi yake ya tatu pamoja na mchezaji wake, Florida. Florida namkumbuka. Ndiye yule anayedaka kila mpira unaogonga ubao, ana viwiko kama majembe. Mumewe amepata kazi kiwandani huku, wanahamia South End, mtaa wa hapa hapa Louisville, mwezi ujao.

Nikamuuliza, sasa nakupa nini? Mtu sina. Nina nafasi tu.

Akasema ndiyo yenyewe hiyo, dada, unatoa mlango, hutoi nyumba.

Sikuelewa. Nikasema nitajibu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mazoezi. Nimewaambia habari ya Donati, na mazoezi yakaishia hapo.

Zenoni, kocha wetu, anataka tubadilishane leo leo. Anasema Umutoni ni ahadi, Florida ni mtu. Amezoea ligi, na anakuja huku na miguu yake. Na nafasi ya tatu juu yake! Alichora kwenye daftari mishale mingi, sikufuata hata mmoja. Kamikazi akamjibu kwa Kiingereza, mbio mbio, nikashika neno moja tu: miaka miwili. Wasichana wakagawanyika, nusu kwa nusu. Kila aliyesema nilimwona ana haki.

Nyumbani nimemweleza Sylveri. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema tatizo lenu hamkimbii. Akaendelea kula.

Jumapili, 12 Oktoba

Donati tena, baada ya ibada. Safari hii amepunguza sauti. Dada, nakwambia kwa upendo: yule binti ana goti. Aliumia chuoni. Usije ukajuta.

Nikamshukuru. Nimefika hadi kwenye gari ndipo akili ikaja. Kama goti ni bovu, yeye analitakia nini?

Nimempelekea Zenoni swali hilo. Akasema labda goti ni zima na Donati anatutisha. Au ni bovu kweli, na Donati ana daktari. Au Donati anataka tufikiri hivyo. Alipofika ya tatu nikamwomba anyamaze.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo mambo yamegeuka.

Nimepigiwa na mama mmoja wa Buffalo, simjui. Sauti ya taratibu, Kiswahili cha Kivu. "Mama Kamikazi, ni miye Nyirakamana, mama ya Umutoni." Tukasalimiana vizuri, tukaulizana watoto, kazi, baridi. Kisha nikasikia anafunga mlango.

"Bon," akasema, yaani haya. "Nilikuwa nataka nikuombe kitu. Ule mutoto ndiye anatupelekaka na baba yake ku hopitali."

Mumewe, mzee Ruberwa, figo zimekufa. Anasafishwa damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Muda wa saa nne kila mara. Umutoni ndiye anayeendesha, ndiye anayeongea na wauguzi, ndiye anayejua dawa zipi asubuhi na zipi jioni. Mama mwenyewe anatunza wazee kwenye nyumba zao, hawezi kuacha, na Kiingereza hakimtoshi.

"Donc, mukimuchukua, atahama. Na akihama sisi tutafanya namna gani? Mupatie Buffalo ile nafasi. Batoto bote benye Buffalo iko nao, mutuombe yeyote."

Yaani Buffalo wamchague wao, abaki kwao, nasi tuchukue mchezaji wao yeyote. Alikuwa halii. Angelia ingekuwa rahisi.

Nikamwambia nimesikia, mama. Nikarudi kazini, nikapanga maboksi ya watu wa Ohio kwenye mzigo wa Tennessee, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Sasa tuna wawili wanaotaka nafasi yetu. Na mimi nilidhani ni mchezo.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijamwambia mtu. Sylveri ameniuliza mara mbili kuna nini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Umutoni mwenyewe amepiga. Sijui nani amempa namba. Anachanganya Kiswahili cha mama yake na Kiingereza, lakini aliongea polepole ili nielewe, na nimeelewa kila kitu, na heri nisingeelewa.

Aliuliza: mama alikupigia?

Sikutaka kumdanganya. Nikasema ndiyo.

Akasema anajua aliyoyasema na yote ni kweli. Anampeleka baba tangu ana miaka kumi na saba. Ana kaka wawili mjini, wote wana magari. Hakuna aliyewahi kuwaomba. Chuo aliacha mwaka wa pili, si kwa goti. Goti lilipona. Aliacha kwa sababu siku za mashine ziliongezwa.

Anataka kuja Louisville. Si kwa mpira tu. Anataka kulala mahali ambapo hakuna mtu atakayegonga mlango kumwamsha. Lakini akiondoka mwenyewe ataitwa mtoto mbaya kanisa zima. Akichaguliwa ni kitu kingine. Mchungaji atatangaza, watu watapiga makofi, atakuwa ametumwa.

Nikamuuliza, na Columbus je? Si ni karibu zaidi na nyumbani?

Columbus yuko mjomba, akasema. Nitakuwa nimetoka chumba hiki na kuingia chumba cha pili.

Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa: "Mama, mutanichagua?"

Nikasema tutaona. Neno gani hilo la kumjibu mtoto wa watu?

Jumapili, 19 Oktoba

Sikusikia mahubiri. Akilini nilikuwa Mtabila, kambi yetu ya wakimbizi kule Tanzania.

Orodha za wanaokwenda Marekani zilibandikwa ubaoni, nje ya ofisi, na watu wakasukumana. Nikaona jina langu na la Sylveri na la mtoto. La mama halikuwepo, la mdogo wangu Delfina halikuwepo. Nilikaa na habari hiyo siku nzima kabla ya kumwambia mama. Aliposikia akasema, jina limetoka, si wewe umetaka. Nenda.

Nami nikaenda, na hakuna hata mmoja kambini aliyeniita mtoto mbaya.

Lakini nilitaka. Mungu anajua nilivyotaka. Nilipoona jina nilishika mdomo nisipige kelele za furaha mbele ya waliokosa.

Mama alifia Makamba, Burundi, miaka sita baadaye. Delfina ndiye aliyemchotea maji, aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha. Mimi nilituma picha za theluji.

Sasa Umutoni ni mimi. Na Umutoni ni Delfina. Na Nyirakamana pia ni mimi, kwa sababu nimefika umri wa kuanza kutazama ni mtoto yupi atabaki. Sijawahi kumuuliza Delfina kama alitaka kubaki.

Kwa nini kitu hiki kinaamuliwa na mtu asiyejua hata kurusha mpira?

Jumatano, 22 Oktoba

Nimewaambia timu yote. Nilidhani wakijua wataamua, mimi nipumzike. Wamepiga kura — watano kubadilishana na Columbus, watano kumchukua Umutoni. Kumpa Buffalo, hakuna. Zenoni akasema mambo ya familia ya watu si yetu, timu inataka mtu chini ya ubao, Florida yupo, basi. Na mkimpeleka Columbus, akasema, mnakuwa hamkumnyima mama wala hamkumnyima mtoto. Nusu kwa nusu.

Ilinivutia, hiyo nusu kwa nusu. Mpaka nikamkumbuka mjomba.

Kura zilipokuwa sawa wote walinigeukia. Ndiyo kazi ya meneja, wakasema. Hapo nimekumbuka walivyonichagua: waliuliza nani ana leseni ya kuendesha gari kubwa.

Nyumbani, Kamikazi alinisaidia kuosha vyombo, jambo ambalo halitokei. Akauliza kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza: "Mama, na mimi kama Buffalo wangenichagua, ungeniacha niende?"

"Ningekuacha," nikasema. Haraka sana.

Akachukua sahani nyingine. Nimeosha sufuria ileile mara mbili.

Ijumaa, 24 Oktoba

Donati ametuma karatasi ya makubaliano kwa simu, Zenoni ameichapisha kazini kwake. Donati ameshasaini. Pa kwangu pako wazi. Nimeiweka katikati ya Biblia ili isikunjike, kisha nikaona si mahali pake, nikaihamishia kwenye pochi.

Nimempigia Delfina. Simu haikupatikana. Nimejaribu tena. Haikupatikana.

Jumamosi, 25 Oktoba

Columbus. Ukumbi wa kanisa, kiti cha nyuma. Naandika kwa kuwa sitaki mtu aniongeleshe. Tulitoka alfajiri, nimeendesha saa tatu na nusu na sikumbuki barabara.

Watu wa Buffalo walifika nikiwa bado nje. Familia nzima, gari moja. Nilimtambua Umutoni kwa urefu. Lakini hakuwa ameendesha yeye. Aliyeendesha ni kaka yake, kijana mnene mwenye kofia. Alishuka, akazunguka, akamfungulia mzee Ruberwa, akamshika upande wa kushoto, maana mkono wa kulia una mshipa wa kuunganishia mashine, haushikwi. Akatoa mfuko wa dawa, akaangalia saa, akampa vidonge viwili na chupa ya maji. Hakuna aliyemwambia la kufanya.

Umutoni alisimama pembeni, mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi.

Nyirakamana aliniona natazama. Alinijia, tukashikana mikono. Nilitaka kumuuliza habari ya kijana. Yeye akasema tu, "Bon. Anajifunza." Akaenda kukaa na mumewe.

Anajifunza. Ili binti aweze kwenda? Au ili binti aone hakuna sababu ya kwenda, nyumbani sasa ni pazuri? Nimeligeuza neno hilo kila upande.

Nikamtafuta Umutoni, yuko kwenye mlango wa jikoni. Nikasema mwanangu, bado unataka?

Alimtazama kaka yake. Akasema kaka ameanza Jumatatu hii. Juzi tu. Miaka mitano walikuwa wanasema hawezi, na ameelewa kwa wiki moja.

"Nina hasira, mama," akasema. "Nikiwa na hasira sijui ninachotaka." Machozi yamejaa, hayajamwagika. Kisha akasema nisimuulize tena leo, hakuna aliyewahi kumuuliza, hajui namna ya kujibu.

Niliporudi ukumbini mzee Ruberwa aliniita kwa kidole. Mkono wake ni mwepesi, baridi. Nilidhani ataniomba nimwache mtoto. Akasema watu wanakosea jina la binti yake, hata chuoni kwenye fulana waliandika vibaya. "Mukiliandika, muliandike vizuri." Basi. Hakusema nani aliandike.

Sasa wamefunga milango. Mwenyekiti wa kamati anaeleza utaratibu, kwa Kiswahili, kisha Kirundi, kisha Kiingereza kwa watoto. Kuna kikapu cha plastiki mezani. Anayebadilishana anatoa karatasi ya makubaliano kwanza. Asiyebadilishana anatoa jina. Donati yuko safu ya mbele, ametabasamu, ameniinamishia kichwa kama mtu aliyekwisha kumaliza. Florida yuko nyuma yake na mtoto mapajani. Ananipungia. Mtu mwema. Angetufaa kweli.

Nina karatasi mbili kwenye pochi. Moja ina saini ya Donati. Nyingine haina kitu, ni ya kuandika jina.

Wametaja Louisville.

Kamikazi amenigusa bega. Umutoni haangalii huku, anaangalia sakafu. Zenoni amesimama, amenyoosha mkono, anataka nimpe ile ya Donati aipeleke mbele.

Sijampa.