Mguu Ndani ya Buti

Jumanne, 9 Januari 2018

Nimeamka saa kumi na nusu. Bresi ya kushika mguu kwanza, soksi juu yake, halafu buti. Kila siku hivyo, kabla Mugisha hajageuka kitandani kwake. Mwaka wa pili huu tunalala chumba kimoja hapa Al Twar, na bado anadhani mimi ni mtu wa haya tu.

Shifti saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Geti namba tatu, ghala la vipuri, Freezone, eneo la biashara huru. Malori kutwa. Kukaa ni marufuku: mlinzi akikaa mara ya kwanza anaonywa, mara ya pili barua. Nyumbani Kenya mlinzi anaitwa soja. Nilikuwa soja wa jeshi, nikawa soja wa geti. Tofauti ni kwamba huku hakuna anayenipiga risasi.

Jioni Al Rigga, kwa mashine ya makasia. Mugisha anahudumu kwenye gym ya hoteli moja pale, ananipitisha mlango wa wafanyakazi. Bi Zuwena alikuwa ameshafika na saa yake mkononi. Ni Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, muuguzi mstaafu, siku hizi anafundisha watu makasia kule khori, mkono wa bahari unaopita mjini. Mwaka jana alinikuta kwenye hiyo mashine akanitoa akanitia majini. Ndiye mtu pekee mji huu mzima anayejua habari ya mguu wangu. Sikumwambia. Aliona.

Kumbe amenisajili. Tarehe tisa Februari, mbio za makasia za walemavu, kilomita moja.

"Jina lako nishalitia, mwanangu. Usije ukanitia aibu."

 Nimevuta kilomita nyingine mpaka nikaona nyota.

Ijumaa, 12 Januari

Off. Khori alfajiri. Ukungu mzito, tulisubiri saa nzima ndipo tukashusha boti.

Majini ndiko raha yangu. Miguu yote miwili inafungwa kwenye viatu vya boti, na mkanda unavuta kidole juu. Kiti kinateleza mbele, nyuma. Unyayo uliokufa hauna kazi ya kujiinua, basi hauna la kunisaliti. Dakika ishirini sikuufikiria mguu hata kidogo.

Halafu unatoka, unarudi nchi kavu.

Niandike mara moja tu hapa, halafu basi. 2012, ng'ambo ya mpaka. Bomu la barabarani. Kiprono, dereva wetu, alikufa papo hapo. Mimi chuma kilinikata mshipa wa fahamu chini ya goti la kushoto. Unyayo haupandi. Ukiuacha, unaburuta kama sandali iliyokatika. Jeshi wakanipa barua, asante, nenda nyumbani. Miezi sita mbele ya kioo cha kabati la mama nilijifundisha kutembea: goti juu kidogo, kisigino kwanza. Mpaka mama mwenyewe akasema mwanangu umepona. Kwa ajenti wa kazi, Nairobi, wakatukimbiza uwanjani, nikakimbia. Wakatupa fomu. Je, una jeraha lolote la kudumu? Nikaandika Hapana.

Wakijua, ni kufutiwa viza na tiketi ya kurudi. Watu wanne kule Kitale wanakula kwa hii buti.

Jumapili, 14 Januari

Siku mbaya. Sijatulia. Nimezunguka geti kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sir Thomas, suparavaiza wetu, Mhindi wa Kerala, amekagua gwaride asubuhi. Akasimama mbele yangu, akawaambia vijana wapya: mwangalieni huyu, miaka minne hajawahi kuomba kiti. Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mbio zina wapiga picha. Picha zinatembea. Nimempigia Bi Zuwena nijitoe. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nitaikalia siri hii mpaka lini, mpaka nizeeke nayo? Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Lakini sikujitoa.

Ijumaa, 19 Januari

Leo kupimwa. Kila mtu anayeingia mbio hizi lazima apimwe ulemavu, ili mwenye kuumia kidogo asishindane na aliyeumia sana. Mpimaji anagusa msuli mmoja mmoja, anaupa alama. Ukionekana mzima, huingii.

Mpimaji wangu, madam mtaalamu wa viungo, alikuwa mpole. Tembea, akasema. Nikatembea. Sukuma mkono wangu juu kwa unyayo. Nikasukuma, kwa nyonga na paja, vile nilivyojizoeza. Simama kwa mguu wa kushoto. Nikasimama, kifua mbele, macho mbele, hata sikutikisika. Una maumivu? Hapana, madam. Unachoka ukisimama? Hapana, madam. Vua bresi. Nikasema hiyo naivaa kwa ajili ya kifundo tu, nilikitegua kwenye mpira, nikaiacha mguuni.

Yaani mpira. Nimeyasema haya kwa mdomo wangu.

Akaandika. Akanitazama. Akasema samahani, sioni sababu ya kukuingiza daraja lolote.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kona. Akatangulia kutoka.

Jumamosi, 20 Januari

Nina hasira na mimi mwenyewe. Mpumbavu. Mtu anakufungulia mlango, wewe unaegemea usifunguke.

Si kwamba nilipanga. Nilipoona koti jeupe na karatasi, mwili ukaenda wenyewe. Kama saluti.

Jumatano, 24 Januari

Bi Zuwena kanipigia wakati wa chakula. Amemwomba madam anione tena. Masharti mawili: nilete barua ya hospitali ya jeshi, na niende bila bresi na bila uongo.

"Mwili wako umeusomesha uongo, nao umefaulu," akasema. "Sasa uusomeshe kweli. Usidhani itakuwa nyepesi."

Barua ninayo. Imeshonewa ndani ya bitana ya sanduku. Nimeitoa jioni kwa wembe. Mugisha akaingia nikiwa chini, sanduku wazi, buti pembeni, mguu nje. Hakukuwa na pa kukimbilia.

Akaketi kitandani kwake. Akautazama, kovu na mifupa, maana nyama haiko.

"Ssebo," akasema, yaani bwana kwa lugha ya kwao, "miaka miwili nilidhani unaficha pesa kwa soksi."

Nimecheka mpaka nikashika tumbo. Kisha nikamweleza yote, hata Kiprono. Sijawahi kumtaja Kiprono kwa sauti katika mji huu.

Jumatatu, 29 Januari

Kuchechemea ni kazi, jamani. Mugisha anakaa mlangoni, mimi natembea chumbani bila bresi. Anasema hapo umedanganya, rudi. Goti linajipandisha lenyewe. Kisigino kinajitafuta. Narudi. Naanza upya. Jirani wa chini amegonga dari.

Ijumaa, 2 Februari

Madam alisoma barua yote. Akasema haya, tembea.

Miguu mitupu kwenye vigae. Hatua ya kwanza, ya pili. Unyayo ukapiga sakafu: pa. Tena: pa. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu kabati la mama. Nikafika ukutani nikaambiwa geuka, nikageuka, na machozi yanashuka. Sikuyafuta. Nilikuwa nimeambiwa bila uongo.

Sukuma mkono wangu. Nikajaribu kwa unyayo peke yake. Hakuna kitu. Akangoja. Hakuna kitu.

Daraja la tatu. Nimekubaliwa.

Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu. Nimekula wali, nimelala mchana kama mtoto.

Jumatano, 7 Februari

Sasa hili. Orodha ya shifti imebandikwa, na Ijumaa niko kazini. Walinzi wawili wameenda likizo. Jina langu liko juu kabisa.

Mugisha anasema chukua siku ya ugonjwa, hata kuharisha kunatosha. Ni rahisi. Kila mtu hufanya. Nimezunguka kantini mara tatu na chai mkononi mpaka ikapoa.

Miaka minne ya uongo. Mmoja zaidi ungenidhuru nini? Lakini nimechoka nao.

Alhamisi, 8 Februari

Nimemwambia Sir Thomas. Ofisini kwake, saa nne, kabla ujasiri haujaisha. Nikasema Ijumaa nina mashindano. Ya nini? Makasia, sir. Ya watu gani? Nikavuta pumzi. Walemavu, sir. Nikapandisha suruali, nikamwonyesha bresi.

 Kipoza hewa kikinguruma. Aliangalia bresi, akaangalia picha ya kikosi ukutani, mimi nimesimama mstari wa mbele.

"Nenda Ijumaa," akasema. "Jumapili, ofisini kwangu, saa moja."

Hakuniangalia nikitoka.

Khalas. Limeshasemwa. 

Ijumaa, 9 Februari

Boti tano. Upepo wa ubavuni. Wa kulia kwangu alikuwa Mwingereza mwenye mguu wa bandia, mabega kama mlango. Mita mia tatu za kwanza alinitangulia boti nzima. Nikasema wacha aende. Getini nimejifunza kitu kimoja, siku haiishi kwa kuiharakisha. Nusu ya njia nikamwona anapiga maji juu juu. Nikaongeza. Mapafu yakawaka. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri, nakumbuka tu sauti ya Bi Zuwena ukingoni ikisema miguu, miguu, miguu. Miguu. Mwanamke yule hana huruma.

Nimeshinda.

Naandika tena. Nimeshinda.

Nilipanda ngazi za gati bila kitu mguuni. Bresi ilikuwa kwa Mugisha, naye alikuwa mbali anashangilia na kumwaga machozi kuliko mimi. Unyayo ukapiga mbao mbele ya watu wote. Wakapiga picha. Nikawaacha.

Nimempigia mama. Kwanza nikamwambia ushindi. Halafu nikamwambia mguu. Akasema, baba, mimi niliutandikia kitanda huo mguu miezi sita, unadhani sikuusikia ukiburuta? Nilikuona unataka nisijue, nikakuachia.



Jumapili, 11 Februari

Saa moja kamili. Sir Thomas alikuwa na faili langu mezani. Fomu ya ajenti juu. Hapana, kwa mwandiko wangu, herufi kubwa.

Akaniambia nivue buti. Nikavua. Akautazama muda mrefu. Miaka minne, saa kumi na mbili kwa siku, kwa mguu huu? Yes, sir. Akasugua uso. Akasema lazima apeleke makao makuu, hawezi kulificha, na kwamba uongo ni uongo. Nikasema najua. Jibu kabla wiki haijaisha. Mpaka hapo, rudi getini.

Medali iko kwenye soksi, chini ya mto. Inshallah, alisema Bi Zuwena nilipompigia. Inshallah yake nzito, si ya kunipoza.

Jumanne, 13 Februari

Hakuna jibu. Sili vizuri.

Ajabu: mwili umekataa kurudi kwenye uongo. Goti halipandi tena kama zamani. Nimechechemea getini kutwa. Dereva mmoja Mpathani akauliza umeumia leo? Nikamwambia la, zamani. Akanipa chungwa.

Nimeshaanza kukunja nguo. Si zote.

Alhamisi, 15 Februari

Sir Thomas alinipa bahasha gwarideni, mbele ya wenzangu. Ndani, onyo la maandishi, la mwisho, kwa kusema uongo; kazi na viza vinabaki. Nyuma yake fomu mpya. Swali lilelile, mstari wa saba. Nikaandika Ndiyo. Nikaandika mguu wa kushoto, chini ya goti. Nikatia sahihi juu ya boneti ya gari lake.

Nimefika getini. Kando ya kizuizi kulikuwa na kiti cha plastiki, cha buluu, kile cha kantini chenye ufa mgongoni. Nikatazama huku na huku. 

Nikakaa. Asubuhi ilikuwa na baridi kidogo. Lori la kwanza likaja saa moja kasoro robo. Nikasimama, nikakagua karatasi, nikafungua kizuizi, nikakaa tena.