Amma na Mashine ya Serikali

Bengaluru, 3 Septemba

Amma,

Shikamoo. Hujambo lakini? Goti linakuacha ulale? Na bibi, kikohozi chake kimepungua au bado anakitumia kukufukuza usikae chini? Mimi ni buheri wa afya, hata mashavu yameongezeka, ila usiwaambie majirani wasije wakanitia kijicho.

Nimepokea barua zako tatu za kompyuta. Zote tupu. Ya kwanza nilidhani umeninunia. Ya pili nikadhani umenisamehe ila hutaki kusema. Ya tatu nikacheka mpaka bosi wangu Rudresha akauliza kama nimepata mchumba. Amma, maneno kwanza, ndipo unabonyeza kutuma! Unapeleka bahasha bila barua, halafu unamlaumu tarishi?

Najua ungependa simu. Sipokei. Kutuma barua pepe ni sehemu ya mtihani wako, kwa hiyo kila ukinikumbuka, kaa uandike. Hiyo ndiyo ada ya mwalimu. Na mwalimu mwenyewe ndiye huyu, Kotresha, daktari wa simu. Kibanda chetu ni chembamba kama kabati, lakini watu wanaleta simu maiti na wanaondoka nazo zikiimba. Shule ilinishinda darasa la kumi, sawa. Mashine hazijawahi kuniuliza cheti.

Sasa bila mzaha. Baba alipofariki akiwa kazini, serikali ilitupatia kiti chake cha kazi. Mimi cheti sina, ukakaa wewe. Sharti ni moja: ufaulu mtihani wa kompyuta kabla mwaka huu haujaisha. Mara ya kwanza ulifeli. Ukifeli tena kiti kinaondoka, na nyumba ya serikali inaondoka na kiti, na bibi sijui tutamweka wapi. Sisemi ili nikutishe. Nasema kwa sababu nikinyamaza linatembea kichwani mwangu kama panya darini.

Mwanao na mwalimu wako,
Kotresha

Hosakere, 11 Septemba

Mwanangu Kotresha,

Marahaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Goti linauma nikipanda ngazi. Bibi anakohoa akiona nimeshika simu, nikiiweka anapona.

Barua hii nimeianza Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Ukiona sentensi imekaa vibaya, ujue niliitwa kupeleka faili.

Mwanangu, naogopa. Sio kuogopa kwa kusema tu. Mara ile ya kwanza, saa ilipoanza kuhesabu kwenye skrini, mikono ilikataa. Nilijua jibu, nilijua pa kubonyeza, lakini vidole vilikaa mapajani kama vya mtu mwingine. Hilo sikukuambia.

Ofisini Bwana Halappa, karani mkuu, hana dogo. Jana kipanya kiliniponyoka mkononi kikaning'inia mezani. Akapaza sauti chumba kizima kisikie: "Girijamma, huyo hanaswi kwa mtego, shika kwa mkono!" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu akaniinamia akasema polepole, "Dada, mwaka unaisha. Kuna watu wanakiulizia kile kiti." Hilo hakuna aliyelicheka.

Mtihani ni Jumatatu inayofuata sikukuu ya Dasara. Jedwali la hesabu naliweza. Kuandika kwa Kikannada naweza, polepole. Ni ile saa inayohesabu. Niambie, wewe unayejua, mtu anafanyaje asiiogope?

Mama yako,
Girijamma

Bengaluru, 14 Septemba

Amma,

Shikamoo tena. Nafurahi bibi anapona simu ikiwekwa chini. Dawa hiyo ningeiuza hapa ningekuwa tajiri. Mimi mzima.

Kwanza hongera. Barua ina mwanzo, ina mwisho, na katikati mna Halappa. Mwambie huyo babu kwamba mwanao akija huko atamfungulia simu yake, aitazame ilivyo tupu ndani, kama kichwa cha mwenyewe.

Sasa somo. Sikiliza, maana hili huwezi kulipata kwenye kitabu. Mashine ni kama ng'ombe mgeni. Ukimkimbilia na ndoo atakupiga teke. Mpapase kwanza. Akuzoee, umzoee. Mimi simu ya mteja ikija sianzi na bisibisi. Naigusa, napeleka mkono machoni kwa heshima kama ulivyonifundisha kufanya na vitabu, ndipo naifungua. Rudresha ananicheka, lakini mwulize kati yangu na yeye nani anaharibu nyingi.

Basi siku ya mtihani fanya hivyo. Saa isikutishe. Kaa, fanya urafiki na mashine kwa namna yako, kama unavyofanya na jiko jipya, kisha anza. Ukishaifanya yako, mikono itakubali. Hiyo ni ahadi ya daktari.

Nami naogopa kidogo, nikuambie ukweli. Kidogo tu, kama chumvi. Usimwambie bibi.

Mwanao,
Kotresha

Hosakere, baada ya Dasara, Ijumaa

Mwanangu,

Natumaini u mzima na umekula vitamu. Sisi hatujambo.

Juzi ofisini tuliziabudu zana, kama kila mwaka. Mashine zote zilifutwa vumbi, zikavishwa maua ya njano, hata pikipiki ya tarishi. Wanawake walipita na sahani ya unga wa manjano na ule mwekundu wa kumkum, wanatia alama moja moja kwenye paji la kila mashine. Nilinyoosha mkono nipokee sahani ili niitie yangu. Shakuntala wa mapokezi akaisogeza pembeni, kwa upole kabisa. "Wewe pumzika, akka, dada yangu. Nitakutilia mimi." Akanitilia. Hakuwa na nia mbaya. Wote ni wake wenye waume, na mimi tangu baba yako afariki mkono wangu hauhesabiwi kuwa wa heri. Nilisimama ukutani na pipi yangu mkononi.

Nimekuwa nikiwaza tangu hapo. Itakuwaje mashine inikubali, na alama yake ameitia mwingine?

Usinijibu. Ni mawazo tu. Jumatatu natoka na basi la alfajiri. Niombee.

Mama yako,
Girijamma

Bengaluru, Jumatano

Amma,

Hujambo? Mtihani umekwendaje? Simu yako imezimwa. Nimempigia Shakuntala, akasema umechukua ruhusa, akakata haraka kama mtu anayeficha kitu mdomoni.

Kama umefeli niandikie umefeli. Sitakucheka. Naapa kwa bisibisi zangu zote.

Kotresha

Bengaluru, Jumamosi

Amma, andika basi. Neno moja. Leo nimeunguza simu ya mteja, mimi, Kotresha. Rudresha amenitazama kama mgonjwa.

Mwanao

Hosakere, 27 Oktoba

Mwanangu,

Nisamehe. Sikuwa na namna ya kukuandikia, maana kila nikigusa kibodi naona aibu.

Nilifika mapema. Tulipekuliwa mlangoni, lakini pindo la sari hakuna anayelifungua. Humo nilikuwa nimefunga kumkum kidogo kwenye kipande cha gazeti. Nilikaa, nikafanya kama ulivyosema. Nikaigusa mashine, nikaweka mkono machoni. Kisha nikachovya kidole nikaitia alama mwenyewe, juu ya skrini, katikati, pale paji la uso lingekuwa. Palikuwa na kiduara kidogo cheusi, kama kwamba pamewekewa nafasi. Na unajua, mikono ilitulia! Saa ikaanza kuhesabu, nami nikaanza kuandika, na vidole vilikuwa vyangu.

Kumbe kile kiduara ni kamera. Inamtazama mtahiniwa ili asisaidiwe. Nimeiziba jicho.

Msimamizi alikuja mbio. "Mama, umeweka nini hapa? Umeiziba kamera kwa makusudi?" Nikasema ni kumkum. Akasema, "Mimi naona umeiziba." Akaizima mashine, akapiga picha, akaandika ripoti. Watu wote waliacha kuandika wakanitazama. Nilitolewa nje mbele yao kama mwizi wa kuku.

Sasa nashtakiwa kwa udanganyifu. Natakiwa kupeleka maelezo ya maandishi, kisha nifike mbele ya kamati ya mitihani makao makuu ya mkoa. Wakiniona na hatia nitazuiwa kufanya mtihani kwa miaka, na mwaka unaisha Desemba. Halappa keshajua. Safari hii hata hanitanii, na hilo ndilo linanitisha zaidi.

Bibi anadhani nina homa.

Mama yako

Bengaluru, 28 Oktoba

Amma,

Pole. Pole sana. Ni mimi niliyekuambia umpapase ng'ombe, kwa hiyo ni mimi nitakayekutoa zizini. Tulia, usilie. Kichwa changu kinachemka kama birika la chai.

Sikiliza. Usiseme hata neno moja la kumkum. Andika hivi: ulikuwa umebandika bindi, kile kidoti cha kwenye paji la uso, ile ya gundi. Ulipoinama kusoma swali la kwanza karibu, maana macho yako hayaoni vizuri, ikabanduka ikanasa kwenye kamera. Bahati mbaya, basi. Kila mwanamke wa Karnataka bindi yake imewahi kunasa mahali, kwenye kioo, kwenye mto, kwenye shavu la mtoto. Nani atabisha? Nimekuandikia maelezo yote, yako kwenye kiambatisho. Wewe weka jina tu, utume.

Ni akili ya mtu aliyefukuzwa shule, lakini niambie nani mwenye shule angeifikiria.

Mwanao,
Kotresha

Hosakere, 30 Oktoba

Mwanangu,

Nimekifungua kiambatisho. Umeandika vizuri, ningekuwa mjumbe ningekuamini.

Lakini Kotresha, nitaingiaje mbele yao na paji langu lilivyo? Nani atanitazama asione? Bindi gani, mwanangu, kwa mjane? Mimi sijabandika bindi tangu siku ile walipomtoa baba yako mlangoni. Umekaa huko mjini unanikumbuka nilivyokuwa. Sikukasirika. Nilisoma nikacheka kidogo, halafu nikakaa jikoni muda mrefu.

Nitaandika mwenyewe. Nitaandika ilivyokuwa, na pindo, na gazeti, na kwa nini. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mtu anaweza kufungwa kwa kitu kama hiki?

Mama yako

Bengaluru, 31 Oktoba

Amma,

Hufungwi. Nimeuliza wateja wanne, na mmoja ana shemeji wakili.

Nimesoma barua yako nimeshindwa kula tonge. Sikuwaza. Kile kiambatisho kifute, andika ya kwako.

Nimemwomba Rudresha ruhusa nije nikusindikize kwenye kamati, amekataa, sababu ya ile simu niliyoiunguza. Nenda na Shakuntala. Usiende peke yako.

Mwanao,
Kotresha

Hosakere, 16 Novemba

Mwanangu,

Salama? Sisi salama.

Nilikwenda peke yangu. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Karatasi yangu ilikuwa mbele yao. Mmoja wa wanaume akauliza, "Unataka tuamini hujui kamera ni nini?" Nikasema naijua ya simu, ya kule sikuijua. Akatikisa kichwa. "Wote husema hivyo." Nikaibana miguu pamoja chini ya sari.

Yule mama alikuwa anasoma. Akauliza bila kuinua uso, "Ofisini kwenu waliitia alama mashine yako. Haikutosha?"

Nikasema, "Alitia mwingine, madam. Mimi sikuruhusiwa."

Ndipo akanitazama, akanitazama hapa kwenye paji, akavua miwani. Mwenzake akafungua mdomo, naye akamwinulia kidole kimoja tu. Kisha akasema, "Maelezo haya nani kakuandikia?" Nikasema nimeandika mwenyewe. "Kuna mashine kule pembeni. Kaa uufanye mtihani sasa hivi, sisi tukiwa hapa."

Sasa hivi! Sikuwa nimesoma hata mstari. Sikuwa na chochote kwenye pindo. Kamera ilikuwa wazi na kwenye kona ya skrini nikaona uso wangu mwenyewe ukinitazama, umepauka kama wa mgonjwa. Niliandika hivyo hivyo, kwa vidole viwili, na uso ule unanitazama mpaka mwisho. Sijui nimefanya nini. Kuna swali nililiruka. Labda mawili.

Shtaka wameliacha. Matokeo tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi, kwenye mtandao.

Mama yako

Bengaluru, 27 Novemba

Amma,

Shikamoo, na tusiulizane afya, sote tunajua. Kesho saa nne usiguse chochote. Nitumie namba yako ya mtihani, nitafungua mimi. Wewe utabonyeza vibaya, utaona la mtu mwingine, uzimie bure. Mimi nina kifua. Kama ni baya nitakuambia taratibu, na nimeshawaza: kuna chumba nyuma ya kibanda, Rudresha hajui, lakini watu watatu wataenea wakilala upande. Bibi atakohoa hapa hapa Bengaluru.

Namba, Amma. Leo.

Mwanao,
Kotresha

Bengaluru, 28 Novemba, saa nne na nusu

Amma, namba!

Hosakere, 28 Novemba, jioni

Mwanangu Kotresha,

Marahaba.

Nilifungua mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha baba yako, ofisi nzima ikijifanya inafanya kazi, nikaandika namba yangu tarakimu moja moja. Ukurasa ulikawia kufunguka. Mwanangu, kule kukawia sitakusimulia.

Nimefaulu. Alama usiniulize, zimevuka mstari kwa unywele.

Sikumwambia mtu kwanza. Halafu Halappa akaita jina langu kutoka kwenye meza yake, nami nikaruka nikamwaga chai. Alikuwa anataka faili tu. Hofu haijapata habari, bado inakaa humu ndani na viatu vyake. Ila nilimpelekea faili, nikamwambia, akasimama. Alisimama tu, akasema, "Basi keti, dada."

Nimerudi nyumbani nikasonga ugali wa ulezi, na mchuzi wa majani, na pilipili. Bibi alikula nusu yake akalala. Mimi nimekula wa kwangu, nikala nusu ya bibi, nikakomba sufuria. Tangu Septemba sikuwa nimesikia njaa.

Mama yako,
Girijamma
Karani, Ofisi ya Tarafa, Hosakere