Shairi la Benedicte kwa Baba Yake

Olivia, nimefanya nini mimi! Nimetuma shairi la Benedicte kwenye grupu la watu wa kwetu Butembo.

Nilijivuna tu, dada. Mwalimu alisema darasa zima lililia. Nikamrekodi mwanangu, nikatuma huku nalia, maneno sikuyapima.

Linamsifu baba yake. Mikono yake inavyochomelea milango hapa ukimbizini Katwe!

Mume wangu Kakule, Olivia! Grupu zima linaamini alikufa. Tulimkalia matanga bila maiti ili wale watu waliotaka kumuua waache kumtafuta!

Nimefuta. Arobaini walishasikia.

Mmoja, namba siijui, kaandika: "Mtoto ana kipaji. Tutakuja kumsalimia baba yake."

Benedicte ananiuliza kama wamelipenda. Nimemwambia wamelipenda sana, huku natia nguo za baba yake kwenye begi.