Kano la Ng'ombe kwa Goti la Lydia

Kibakwe, Jumapili baada ya ibada

Mjukuu wangu Lydia, mke mwenza wa bibi yako,

Huku wazima. Bibi yako bado anakoroma na bado anakataa kwamba anakoroma. Mahindi yamechanua.

Nasikia wauguzi walicheka kifurushi changu. Wewe si ulisema kano la goti limekatika mpirani, na daktari atakuwekea lingine? Mimi ningejuaje kwamba analitoa nyuma ya paja lako mwenyewe? Nikakausha kano la ng'ombe aliyechinjwa na jirani yetu Abeli, zuri kabisa, nikampa kondakta. Walipolirudisha nikalifunga kwenye zeze langu. Mwanzo lilibweka kama mbwa, lakini kila siku nalikaza kidogo, na leo limekaribia kuimba.

Mama yako kanipigia. Anasema mazoezi umeacha, unalia, unasema goti halitakunjika tena na mpira ndiyo basi. Tena yule dada wa mazoezi umemwita mchinjaji. Hilo la mchinjaji limenifurahisha.

Sasa sikiliza, wewe mwanamke. Miaka yote nakugombeza kwa kuniamkia umesimama kama nguzo ya umeme. Krismasi ukija nataka shikamoo ya kupiga goti, mpaka chini. Kunja kidogo leo, kesho kidogo tena, na huyo mchinjaji mtukane ukitaka.

Goti likikataa kabisa, njoo hivyo hivyo. Nitapiga goti mimi, nikuamkie wewe, majirani wakiona. Ila kuninyanyua itakuwa kazi yako.

Babu yako Yotham,
mwenye magoti mabovu kuliko lako