Rajabu, Kanga Zilikatwa

Rajabu,

Video ya Bi Zuhura imekwisha. Aliyesema ni mdogo wako Mwanaidi, leo saa moja asubuhi, amesimama mlangoni kwangu hapa Kariakoo na simu mkononi, hata salamu hajamaliza. Nimeitazama mara tatu. Haifanani na ile uliyoipanga. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, tangu mwanzo, maana hukupenda kusimuliwa jambo kuanzia katikati.

Kwanza habari za huku. Chumba chako cha Gerezani amepanga fundi wa rejeta. Kamera anayo Mwanaidi, na daftari lako pia. Watu bado wananiuliza video gani za muziki zinafaa kutazamwa, nami bado nataja zako. Ile ya kinyozi, ambayo mwimbaji haonekani popote isipokuwa kwenye vioo. Ile ya mafundi wanaogonga rimu kufuata mapigo ya wimbo, na mwimbaji mwenyewe ni kivuli kwenye ukuta wa bati. Nilipoiandika hiyo gazetini, mhariri aliniita: "Hakuna gari, hakuna jumba, hakuna bwawa la kuogelea. Sasa watu watazame nini?" Nilipokusimulia, chai ilikutoka puani. Ukasema, "Mwambie watazame bati." Niliandika hivyo hivyo. Akafuta.

Hii ya mwisho nilikwambia haiwezekani. Naikubali kauli yangu, niliitoa mbele ya mashahidi. Bi Zuhura ameimba taarabu kwenye harusi za Magomeni miaka yote hiyo na hakuwa na video hata moja, kwa sababu ya sharti lake: uso usionekane. "Wanaonijua wananijua, na wasionijua hawajapungukiwa kitu." Waongozaji wote walikimbia. Wewe ukasema sharti hilo ndilo video yenyewe. Kila mstari wa wimbo uchapwe kwenye kanga, pale ambapo maandishi ya kanga hukaa siku zote, na jora zima, kitambaa chote kabla ya kukatwa, livutwe mbele ya kamera kama utepe, mstari baada ya mstari. Kikifika kiitikio, jora lirudishwe nyuma. Hakuna uso, hakuna mtu, ni kitambaa na sauti. Kwenye daftari umeandika "JORA LISIKATWE" na kupigia mstari mara tatu.

Ulichapisha jora. Halafu ukaumwa, halafu tukakuzika.

Baada ya arobaini yako, mwongozaji mwingine alimfuata Bi Zuhura. Alitaka kumpeleka ufukweni, na gari la kukodi, na wasichana wanne wa kucheza badala yake. Siku moja tu, kazi imekwisha. Bi Zuhura alikuwa amechoka kungoja. Alimwambia Mwanaidi: "Mwanangu, kaka yako nilimpenda, lakini mimi sizidi kuwa kijana. Nakupa mpaka Jumamosi. Ikishindikana, napanda hilo gari." Kwa hiyo kulikuwa na siku tano. Wazo lako la mwisho lifanyike, au libaki kwenye daftari.

Mwanaidi alikuwa amelihifadhi jora dukani kwa Ami Said, muuza kanga wa Kariakoo ambaye babu yake alitoka Hadhramaut na ambaye hajawahi kukuruhusu uondoke dukani bila kahawa. Chumba chake Mwanaidi kinavuja. Alimwambia, "Ami, naomba uniwekee hili." Hakusema zaidi ya hapo, nimemuuliza mara mbili na anakiri. Jumamosi saa mbili asubuhi alifika na kamera, mimi na Bi Zuhura tukiwa nyuma yake. Ami Said alitupokea kwa furaha, akaingia ndani, akatoka na rundo la kanga zilizokunjwa vizuri.

"Nimekukatia zote, doti doti, na pindo nimeshona mwenyewe. Usiniulize bei. Ni kwa ajili ya marehemu."

Nimekaa mahakamani watu wakisomewa hukumu. Sijaona uso kama ule wa Mwanaidi. Ami Said alishangaa. "Sasa kanga isiyokatwa utaivaaje?" Kwake yeye, na kwa kila muuza kanga wa mtaa ule, jora lililokaa bila kukatwa ni kazi ambayo mtu amesahau kuimaliza. Alikuwa amekutendea wema. Mwanaidi alikaa kwenye benchi akaanza kusema kwamba anaweza kuziunga tena kwa cherehani, kisha akaliangalia rundo: zilikuwa zimepangwa kwa rangi, siyo kwa mistari.

Hapo Bi Zuhura alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Alicheka akishikilia mlango wa duka. Akasema, "Kanga ni ya kuvaliwa, jamani. Tuivae." Akatoa simu, akawapigia wenzake wa chama cha kufa na kuzikana, wale wale waliopika pilau ya hitima yako. Saa nne na nusu walikuwa tisa pamoja naye, uwanja wa Mnazi Mmoja, kila mmoja na mstari wake kiunoni na mwingine kama huo kichwani.

Kamera haikuhama. Walipita mmoja mmoja wakitembea kwenda mbele, kwa hiyo kinachoonekana ni migongo na maandishi. Nyuma ya "Chai imeiva, wewe hujafika" anakuja "Kiti chako nimekifuta vumbi," na sauti ya Bi Zuhura iliyorekodiwa inaimba kile unachokisoma. Nilikuwa nimesimama pembeni na kalamu yangu, na nilisahau kuandika.

Mara ya kwanza iliharibika. Mama Asia, mwenye mstari wa nne, alikutana katikati ya uwanja na mtu wa kwao Lindi. Akasimama. Wakaulizana hali, wakaulizana watoto, wakaulizana korosho. Mstari wa tano ukampita, na wa sita, wimbo ukageuka mashairi mengine kabisa. Mwanaidi akapiga kelele. Mama Asia akajibu bila kugeuka, "Sasa nimpite kama simjui? Huyo wa kwetu!"

Mara ya pili ndiyo video. Kiitikio kina kanga yake moja, "Nimekuja kwa miguu, nifungulie mlango," na kwenye wimbo kinarudi mara nne. Kwa kuwa jora la kurudisha nyuma halikuwepo tena, ilibidi mvaaji arudi mwenyewe. Bi Zuhura aliichukua kanga hiyo kwa sababu ni yeye tu aliyejua bila kuwaza kiitikio kinaingia lini. Akipita, anazunguka kwa mbali nyuma ya kamera, anatokea tena kwa hatua za taratibu kama aliyetoka nyumbani sasa hivi. Kwenye kiitikio cha tatu alikuwa anahema. Wapita njia walikuwa wameanza kumshangilia, "Twende, Bi mkubwa!" Kwenye cha nne alichelewa. Ala zilikwisha kuanza, nafasi ya kuzunguka hakuna, akavua ndala akakatisha mbele ya kamera, uso wazi, anacheka, ndala mkononi. Kisha akageuka, maandishi yakaonekana, wimbo ukaisha.

Ni sekunde mbili. Mwanaidi alimwambia pale pale kwamba anaweza kuzitoa. Bi Zuhura alitaka kwanza kipande hicho kihamishiwe kwenye simu yake. Akaenda nayo nyumbani Magomeni, na kwa siku nne hatukujua kama kuna video au hakuna. Mwongozaji wa gari alikuwa bado anapiga simu.

Leo alfajiri amempigia Mwanaidi. Nanukuu kama nilivyosimuliwa: "Nimemwonyesha mjukuu, amesema, 'Bibi, hapa unafanana na wewe mwenyewe.' Basi iache."

Gari limeambiwa lisije.

Nilikosea, Rajabu. Nilisema haiwezekani, imewezekana. Na wewe ulikosea: ilitakiwa ikatwe. Nitaandika yote mawili gazetini, kwa maneno hayo hayo, na safari hii mhariri akifuta nitayarudisha mwenyewe. Mwanaidi alitaka jina la mwongozaji liwe lako peke yako. Nimemwambia si kweli, aliyeshika kamera ni yeye. Amekubali kwa shida. Sasa majina ni mawili, lako likitangulia kwa umri.

Nimecheka wiki hii kuliko mwaka mzima uliopita, na kila mara nimegeuka kukutazama. Sijui kuliandika hilo vizuri zaidi.

Pumzika, ndugu yangu. Mwanaidi hatapiga picha peke yake. Nitambebea stendi ya kamera mgongo ukiniruhusu.

Video inaonyeshwa Jumamosi hii, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa harusi karibu na kwa Bi Zuhura. Wanawake wote tisa watakuja wamevaa mistari yao. Jumapili asubuhi, saa mbili, nitakuja kaburini kukuambia walikaa kwa mpangilio gani.