Matumbawe Yaliyojikunja

Devota mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Keza tunavuna maharage, babu yako hajambo. Unauliza kama uyahamishe tena matumbawe unayokuza kwenye tangi lako la kioo, maana yamejikunja na unaogopa yatakufa.

Nilipokuwa msichana mwenye haya nyingi, tulimpokea nyumbani Consolata, mkimbizi wa rika langu. Hakuongea, chakula alikionja tu. Kila siku nilimhamishia mkeka: jikoni, barazani, karibu yangu.

"Mwache akae, wewe!" mama akasema.

Nikamwacha uani, akichambua maharage, nami nikasimama kumtazama. Siku moja akainua uso.

"Hebu sogea, unanizibia jua!"

Nilitamani kumkumbatia. Jioni tulikula sahani moja.

Basi yaache palepale, uyawashie taa, nawe usogee kidogo.

Bibi yako